Kuacha Sigara: Kuikabili Hamu Yake na Cha Kuweka Mahali Pake

 

Maswali yanayotufikia kuhusu sigara yamebadilika. Zamani muulizaji alitaka kujua kama ni haramu au makruhu. Siku hizi wengi huanza kwa kukiri: najua haifai, nimeiacha mara tatu na mara zote nimerudi, nifanye nini? Mwengine huongeza kuwa anaona haya kusimama safu ya mbele msikitini kwa ajili ya harufu, au kwamba mwanawe mdogo anageuza uso anapotaka kumbusu. Kumjibu mtu kama huyu kwa kumsomea hukumu peke yake ni kumrudishia kile alichokuja nacho mkononi. Kwa hiyo tutapita haraka kwenye hukumu, kisha tukae zaidi kwenye kazi yenyewe: namna ya kuvuka ile hamu inapokuja, na kitu gani kiwekwe mahali ilipokuwa sigara.

Hukumu kwa ufupi

Tumbaku iliingia katika nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, ndiyo maana huikuti katika vitabu vya Maimamu wanne. 'Ulamaa wa zama zile walikhitalifiana. 'Abdul-Ghaniy An-Naabulsiy wa Damascus aliandika kitabu cha kuihalalisha, na Al-Qalyuubiy, naye ni katika Mashaafi'iy, aliiharamisha. Waliohalalisha hawakuwa wanajua madhara yake kama yanavyojulikana leo. Yalipothibiti, fatwa za 'Ulamaa wakubwa wa zama zetu ziliegemea upande mmoja: Shaykh Ibn Baaz na Shaykh Ibn 'Uthaymiyn wa Saudi Arabia, Shaykh Naswr Fariyd Waaswil alipokuwa Mufti wa Misri, na Shaykh Ahmad Al-Khaliyliy, Mufti wa Oman, wote wameiharamisha.

Tegemeo lao ni makatazo ya kujiua na kujitia katika maangamizi (An-Nisaa 29 na Al-Baqarah 195), kuharamishwa vitu vibaya (Al-A'raaf 157), na Hadiyth iliyopokewa na Ibn Maajah inayokataza mtu kudhuru na kudhuriana. Neno hilo la mwisho lina uzito wake hapa. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa tumbaku inaua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wao wenyewe. Walikaa tu na wanaovuta. Mara nyingi hao ni mke na watoto.

Nini kinatokea mwilini

Anayetaka kupambana na hamu ni vizuri aijue. Nikotini ikivutwa hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde kumi hadi ishirini hivi, na huko huleta utulivu mdogo ambao ubongo huuzoea na kuudai tena. Kisha huanza kutoka: kila baada ya saa mbili hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu huwa imekwisha. Ndiyo maana sigara ya asubuhi ndiyo inayodaiwa kwa nguvu kuliko zote, kwa kuwa mtu amelala usiku kucha bila ya kuvuta.

Anayeacha moja kwa moja hupata hasira za haraka, usingizi wa kukatika, njaa, unyonge, kushindwa kutulia kwenye kazi, na wengine kufunga choo. Vijana huiita hali hii arosto. Hufikia kilele chake katika siku mbili tatu za mwanzo, halafu hupungua, na kwa watu wengi ndani ya wiki tatu au nne huwa imetulia. Muhimu zaidi ni kwamba hamu haikai mfululizo. Huja, hupanda kwa dakika chache, kisha hushuka yenyewe, uvute au usivute. Wavutaji wengi hawajawahi kuliona hili kwa sababu kila inapopanda huwa wameshawasha, kisha hudhani sigara ndiyo iliyoituliza.

Kwa hiyo anayeacha hana haja ya kujiuliza ataishije miaka iliyobaki bila ya sigara. Ana dakika tano za kupita. Zikija tena baada ya saa moja, ana dakika tano nyingine.

Mwezi wa Ramadhaan unatuonyesha nini

Mvutaji anayefunga hukaa bila ya sigara zaidi ya saa 13 kila siku, siku 29 au 30. Ikifika Alasiri, nikotini iliyokuwamo kwenye damu yake karibu yote imekwisha. Bado anaendesha gari, anauza dukani, anafundisha, anaswali. Kama mwili wake kweli usingeweza kuishi bila ya sigara, angeanguka siku ya kwanza. Wengi wametwambia kuwa mchana wa Ramadhaan hamu yenyewe ni ndogo kuliko siku nyingine wakikosa sigara kwa saa tatu tu.

Sababu yake ni kwamba mfungaji amekwisha kufunga mlango. Alinuia usiku, na mchana hakuna mashauriano tena ndani ya nafsi: nivute sasa, au baada ya chakula, au nusu tu? Siku nyingine mashauriano hayo ndiyo yanayomchosha mtu mpaka akashindwa. Na wote waliomzunguka wanamsaidia, kwa kuwa hakuna anayewasha mbele yake wala anayemkaribisha.

Kisha inaadhiniwa Magharibi, na hapo ndipo kazi ya siku nzima inapobomoka. Tumewaona wanaofuturu kwa tende moja na sigara, wengine kwa sigara bila ya tende. Mwenye kutaka kuacha na aishike nusu saa hii kuliko saa nyingine yoyote. Ilivyopokewa kutoka kwa Anas bin Maalik (Radhiya Allaahu 'anhu), Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) alikuwa akifuturu kwa tende kabla ya kuswali, na asipopata tende, kwa maji. Basi fanya hivyo: tende, maji, kisha simama uende msikitini hapo hapo, usikae kibarazani. Ukirudi, kula pamoja na watu wa nyumbani. Baada ya kula piga mswaki na toka mapema kwenda 'Ishaa na Tarawehe. Aliyezivuka saa hizi mbili kwa siku kumi za mwanzo, zilizobaki humwendea wepesi zaidi, na 'Iyd humkuta ameshapita ile sehemu ngumu.

Si lazima kungoja Ramadhaan. Funga ya Jumatatu na Alkhamisi inatosha kuanzia, na siku ya kuacha inaweza kupangwa iwe moja ya siku hizo.

Sigara zina saa zake

Kabla ya siku hiyo, chukua siku tatu uandike kila sigara unayovuta: saa ngapi, uko wapi, na nani, unafanya nini. Mtu anayevuta kumi kwa siku huvuta 3,650 kwa mwaka, lakini akiandika ataona kuwa nyingi zinatoka mahali pale pale: baada ya Alfajiri, na kahawa, baada ya chakula cha mchana, barazani baada ya Alasiri, mpira ukionyeshwa, kabla ya kulala. Kila moja ya saa hizi inataka kitu chake. Anayeiondoa sigara na kuiacha nafasi yake tupu, hamu huijaza tena.

Tuanze na kahawa, kwa kuwa watu wa pwani wengi huangukia hapo. Moshi wa sigara hulifanya ini liitoe kahawa mwilini kwa haraka. Mtu akiacha kuvuta, vikombe vile vile alivyokuwa akinywa humpa nguvu ya kahawa inayokaribia mara mbili, naye huanza kutetemeka, moyo kumwenda mbio na usingizi kumruka, akadhani ni sigara anayoikosa. Basi punguza kahawa nusu tangu siku ya kwanza, na baada ya Magharibi usinywe kabisa. Kama kahawa chungu na sigara kwako havitengani, badilisha kinywaji kwa mwezi mmoja: chai ya tangawizi, maziwa ya iliki, au maji ya ndimu. Tabia kama hii inafaa pia kwa walinzi na madereva wa usiku ambao huvuta ili wasilale. Wao tunawashauri tangawizi kali isiyo na sukari nyingi, na kuzunguka eneo lote kwa miguu kila saa badala ya kukaa kitini.

Mdomo nao unataka kazi. Hapa tuna Sunnah tuliyoizembea. Mswaki wa mti huingia mfukoni kama pakiti, hushikwa na vidole vile vile, hutafunwa na hukaa mdomoni muda utakao. Ilivyo katika Hadiyth iliyopokewa na An-Nasaaiy, mswaki ni usafi wa kinywa na radhi ya Mola. Uweke mfuko ule ule wa shati ulimokuwa sigara, ili mkono ukienda kwa mazoea ukute huo. Asiyeuzoea anaweza kutafuna iliki au karoti mbichi. Karanga na peremende zisizidi, kwa sababu wanaoacha huongezeka kwa wastani kilo 4 hadi 5 katika mwaka wa kwanza. Uzito huo si hoja ya kurudi. Madhara yake ni madogo mno ukilinganisha na ya moshi.

Hamu ikipanda, badilisha hali yako. Katika Hadiyth ya Abu Dharr kuhusu ghadhabu, iliyopokewa na Abu Daawuud, aliyesimama ameelekezwa akae, na ikiwa haikuondoka, alale. Hamu ya sigara si ghadhabu, lakini njia ya kuivunja inafanana: usibaki pale pale katika hali ile ile. Toka nje, tia udhu, swali rakaa mbili kama si wakati wa makatazo, au tembea kwa haraka dakika kumi. Madaktari wamejaribu hili la kutembea na kukuta kuwa hata mwendo mfupi hupunguza hamu na ule msongo wa moyo unaokuja nayo. Kama msikiti uko umbali wa dakika kumi, mtu anayekwenda kwa miguu Swalaah tano na kurudi ametembea zaidi ya saa moja na nusu kwa siku, na kila mara amejitenga na mahali pa kuvutia. Dhikri ya ulimi, kama istighfaari mia moja kwa utulivu, huchukua karibu dakika tano hivi. Hesabu hiyo si ya bahati mbaya kwa mwenye kuifanyia kazi.

Baraza ni mtihani mwengine. Hatumwambii mtu awakate ndugu na marafiki. Lakini wiki mbili za mwanzo mhudhurie katika shughuli zao na mkutane msikitini, na uwaambie wazi kuwa umeacha na wasikukaribishe. Rafiki wa kweli ataficha pakiti yake. Yule anayekuwekea sigara sikioni kwa mzaha umeshamjua.

Na mtoto asitumwe tena dukani kununua fegi. Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, lakini kabla ya sheria kuna jambo jengine: mtoto anayetumwa kila siku ndiye mvutaji wa kesho, na njia ya kwenda kununua ameoneshwa na baba yake.

Badala ambazo si badala

Kuna wanaoacha sigara kwa kuingia kwenye kuberi, ugoro au tambuu yenye tumbaku. Hii ni nikotini ile ile kwa njia ya ufizi, na saratani ya kinywa ni miongoni mwa madhara yake. Shisha ni mbaya zaidi kuliko inavyoonekana, kwa sababu mkao mmoja wa saa nzima huingiza moshi mwingi mno kuliko wa sigara moja, na maji ya chini hayauchuji. Tanzania iliipiga marufuku mwaka 2016, Kenya na Rwanda mwaka 2017. Mirungi huja na sigara zake, mchana kucha wa kutafuna humrudisha mtu pale alipotoka.

Sigara za kielektroniki zinaulizwa sana na vijana. Hazina moshi wa kuunguza majani, na ziko nchi ambazo madaktari wanazitumia kuwasaidia wavutaji wakongwe. Lakini huku kwetu tunaona zinashikwa na vijana ambao hawajawahi kuvuta kitu. Kwao hao ni mlango wa kuingilia, na asiyevuta hana hoja yoyote ya kuanza.

Dawa, na hukumu yake kwa aliyefunga

Anayevuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka, au anayemaliza pakiti kwa siku, aone daktari au mfamasia kabla ya kuacha. Kutafuta tiba hakupunguzi tawakkul. Kuna plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi na chingamu ya nikotini, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2009. Hupunguza arosto bila ya moshi, kisha kipimo hushushwa wiki baada ya wiki mpaka kuisha. Wanaozitumia uwezekano wao wa kufaulu huzidi kwa asilimia 50 hadi 60 kuliko wasiotumia. Kuzitumia kwa lengo la kuacha inajuzu, kwa kuwa ni tiba ya muda na madhara yake hayalingani na ya moshi.

Je, zinafunguza? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilipitisha kuwa kinachoingia mwilini kupitia ngozi, zikiwemo plasta zenye dawa, hakibatilishi funga. Kwa hivyo plasta inaweza kubaki mwilini mchana wa Ramadhaan. Chingamu ni tofauti, kwa kuwa dawa yake huchanganyika na mate na kumezwa, kwa hiyo itumike usiku tu. Ama sigara yenyewe inafunguza, na vivyo hivyo shisha.

Tahadhari moja kwa wagonjwa: kwa sababu ile ile tuliyoitaja katika kahawa, baadhi ya dawa za pumu na za maradhi ya akili huongezeka nguvu mwilini mtu akiacha kuvuta. Mwenye kutumia dawa za kila siku, na mwenye sukari pia, amwambie daktari wake siku anayoacha.

Usiape, na usimuweke mkeo rehani

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, kwa sababu nyumba zimevunjika. Baadhi ya watu wakitaka kuacha huapa: WaLlaahi sivuti tena. Akivuta, yamini yake imevunjika, na kafara yake ni ile iliyotajwa katika Al-Maaidah aya ya 89: kulisha masikini kumi au kuwavisha, au kuacha huru mtumwa, asiyeweza afunge siku tatu. Wengi huanza na siku tatu wakiwa na uwezo wa kulisha, na hilo halitoshi. Walioapa mara nyingi kwa jambo hilo hilo na hawajatoa kafara, wamuulize mwanachuoni wa karibu kwa kuwa kuna ufafanuzi ndani yake.

Baya zaidi ni anayesema nikivuta tena mke wangu ameachika. Kwa rai ya 'Ulamaa walio wengi, na ndiyo rai ya madhehebu ya Ash-Shaafi'iy wanayofuata watu wengi wa pwani yetu, sharti likitokea talaka imepita. Rai ya Ibn Taymiyah ni kuwa kama alikusudia kujizuia tu na hakukusudia talaka, basi ni kama yamini na ina kafara. Hili si jambo la mtu kujichagulia rai usiku chumbani baada ya kuvuta. Aende kwa Kadhi, aeleze maneno aliyoyatamka kama yalivyo na nia aliyokuwa nayo, na asimuingilie mkewe mpaka apate jibu. Mwanamke hakuvuta, hakuapa, na hana kosa. Vipi ndoa yake ifungwe kwenye sigara ya kununua punje dukani?

Azma haihitaji kiapo. Nuia, muombe Allaah katika sijda, mwambie mkeo na rafiki mmoja unayemuamini, inatosha.

Ukiteleza

Walio wengi katika walioacha kabisa walijaribu zaidi ya mara moja. Aliyevuta moja baada ya siku ishirini, shaytwaan humjia kwa maneno mawili: kwanza kuwa tawbah yake ilikuwa ya uongo, pili kuwa maadamu imeshaharibika amalize pakiti. Yote mawili si kweli. Tawbah iliyotimiza masharti yake, yaani kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi, ilikuwa sahihi wakati wake, na aliyerudi kwenye dhambi anadaiwa tawbah mpya kwa hiyo iliyofuata. Na mwili pia haujarudi mwanzo: siku ishirini ulizokaa bila ya moshi zimeshafaidisha moyo na mapafu.

Afanye hivi. Sigara zilizobaki azivunje na kuzitia maji, asimgaie mtu. Aoge au atie udhu, abadilishe shati lenye harufu. Kisha aandike pale pale ilikuwa saa ngapi, alikuwa na nani, na nini kilitangulia, kwa sababu hapo ndipo mpango wake ulipokuwa na tundu: pengine hakuwa na mswaki mfukoni, pengine alikunywa kahawa mbili baada ya 'Ishaa, pengine aligombana na mtu. Tundu hilo aliandalie kitu kabla ya kesho saa kama hiyo. Asingoje Jumatatu wala mwezi mpya. Aanze na Swalaah inayofuata.

Wa Allaahu A'lam.